Mtani Aliyekuja na Jembe

Basi liliondoka Mbeya kabla jua halijatoka, na mimi nilikaa juu ya furushi langu kwa sababu viti vilikuwa vya watu ambao miguu yao inafika chini. Mama alikuwa amenifunga kanga yake ya zamani kifuani, fundo mgongoni, kuzuia baridi. Aliinama dirishani akaniambia nisiwe mlafi kwenye nyumba ya watu, na nikiitwa niitike naam. Baba alikuwa amefariki wakati wa mvua, na mvua zilipokatika ukoo ulikaa ukaamua nikalelewe Iringa na kaka yake mkubwa, ambaye hakujaliwa mtoto.

Nimesafiri sana tangu siku ile. Nimeendesha magari ya watu, nimelala katika miji ambayo majina yake nayachanganya, na bado safari ninayoikumbuka vizuri ni hiyo. Tulishuka kwenye joto la Usangu, vumbi likaingia mpaka kwenye meno, kisha tukapanda tena kwenda Makambako ambako upepo ulikuwa unapiga mabati ya maduka kama mtu anayebisha hodi kwa hasira. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Igowole mwenye kuku kwenye kikapu. Alinipa viazi vya kuchemsha na chumvi kwenye jani.

"Unakwenda kwa nani, baba?" aliniuliza.

"Kwa Baba Mkubwa, Iringa."

"Ni mzima?"

"Mama anasema ni mgonjwa, lakini hafi."

Alicheka mpaka kuku akashtuka. "Basi huyo mwenzetu. Sote ndivyo tulivyo."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeuona uso wa Mama alipokuwa akiyasema maneno hayo kwa dada yake, na haukuwa uso wa mzaha. Mama wa Igowole alishuka kwenye njia panda ya Mufindi, akaniachia kiazi kimoja, na njia yote iliyobaki niliwaza jinsi mtu anavyoweza kuwa mgonjwa siku zote na asife. Baba yangu alikuwa ameugua muda mfupi tu.

Baba Mkubwa alinisubiri pale basi liliposimama, jua likiwa limeshazama nyuma ya vilima. Alikuwa mwembamba, kanzu imemkaa kama imetundikwa. Aliponikumbatia nilisikia harufu mbili. Ya juu ilikuwa samli na iliki, kwa sababu alikuwa mpika halua. Ya chini ilikuwa kali na ya baridi, nisiyoijua. Baadaye nilijua kuwa ni spiriti. Mpaka leo, muuguzi akinipangusa mkono kwa pamba kwenye zahanati yoyote ile, pua yangu inatafuta iliki.

Nyumba yetu ilikuwa Kitanzini, chumba cha mbele kikiwa duka na jiko la halua. Baba Mkubwa alikuwa Mngoni aliyetoka Songea kijana, akajifunza kazi kwa Mwarabu mmoja Lindi, kisha akapandisha huku juu na sufuria lake la shaba kwa sababu aliambiwa watu wa baridi wanapenda vitu vitamu. Biashara ilimkubali. Halafu mwili wake ukaanza kunywa maji bila kutosheka, akakonda, akalazwa Tosamaganga, na aliporudi alirudi na ugonjwa wa sukari.

Mambo hayo niliyajua kidogo kidogo. Nilichokiona kwanza kilikuwa rangi. Kila asubuhi Mama Mkubwa, mkewe, aliwasha stovu ya mafuta ya taa, akachukua kichupa cha kioo chenye maji ya buluu ya kupimia sukari, akadondoshea humo mkojo wa Baba Mkubwa, akakichemsha. Sote watatu tulikitazama. Yakibaki buluu, Mama Mkubwa alianza kuimba chinichini na siku ilikuwa nzuri. Yakigeuka kijani, alinyamaza. Yakienda manjano, mpaka kufikia rangi ya tofali, hakuna aliyenituma kitu, hakuna aliyenigombeza, na uji wenyewe ulipoa mezani. Nilidhani kila nyumba ya Iringa ina maji yake ya buluu yanayoamua siku itakavyokuwa.

Baada ya rangi ilikuja sindano. Bomba la kioo lilichemshwa kwenye sufuria ndogo isiyopikiwa kitu kingine. Sindano ikiwa butu, Mama Mkubwa aliinoa kwenye jiwe, polepole, akiijaribu kwenye ukucha wake. Dawa ilikaa ndani ya chungu chenye mchanga uliolowanishwa, mahali penye ubaridi kuliko pote ndani ya nyumba. Nilielezwa kwamba mwili wa Baba Mkubwa ulikuwa umeacha kutengeneza kitu fulani ambacho miili yetu inakitengeneza yenyewe, kwa hiyo inabidi akiazime kila asubuhi kwenye kongosho la mnyama. Alipoambiwa hivyo hospitalini aliuliza swali moja tu, mnyama gani. Alipojibiwa ni ng'ombe, alikunja kanzu juu ya paja akasema bismillahi.

Akishachomwa ilikuwa lazima ale, na ale kwa wakati, la sivyo sindano ingeishusha sukari yake kupita kiasi. Kama mgeni amekuja, mgeni atangoja. Kama kuna msiba, atakula kabla ya kwenda kuzika. Mama Mkubwa alitembea na sukari kidogo iliyofungwa kwenye pindo la kanga yake, na Baba Mkubwa akianza kukasirika bila sababu, au akitoka jasho kwenye baridi ile ya Iringa, alifungua fundo bila kuuliza. Mimi nami nikajifunza kusoma jasho lake kabla ya kujua kusoma vitabu.

Halua yake hakuionja tena. Hilo ndilo lililonipa kiti karibu na sufuria. Alikoroga kwa mwiko mrefu kama kasia, jasho la moto likimtiririka, jasho zuri, kisha akaniwekea kidogo kwenye kiganja.

"Niambie imekaaje."

"Tamu."

"Tamu ni neno la mvivu. Tamu namna gani? Samli inakuja mwanzo au inakuja mwisho?"

Nilifumba macho nikaifuata. "Inaanza sukari. Halafu iliki inapanda puani. Samli inakuja nikishameza."

Naye alifumba macho, koo lake likapanda na kushuka kana kwamba ni yeye aliyemeza. "Haya," alisema. "Hiyo tunaweza kumuuzia mtu."

Adui wa nyumba hii, kwa jinsi nilivyoona mimi, alikuwa mzee mmoja Mhehe wa Kalenga aliyeitwa Kihwele. Alikuja siku za soko na baiskeli iliyobeba maziwa na asali, mguu mmoja wa suruali umekunjwa usikamatwe na mnyororo. Mara ya kwanza kumwona alisimama mlangoni, akaziba mwanga.

"Kamwene, Mngoni. Bado hujafa tu?"

"Nikifa nani atakulisha, mla mbwa wewe?"

"Mbwa wangu ananona. Wewe unakonda. Hilo sufuria nishalitafutia mahali kwangu, linakungoja wewe tu uondoke."

"Utalipikia nini? Mkia?"

"Na huyu katoto nani? Kangoni kengine? Mnazaana kama panya halafu mnakufa kama kuku."

Baba Mkubwa alicheka. Nilisikia maneno, lakini kicheko nilikielewa vibaya. Nilidhani anacheka kama mtu anavyomchekea mbwa mkali ili asimuume. Na mzee yule hakuchoka. Siku moja alimkuta Mama Mkubwa akivuta dawa kwenye bomba, akaegemea ukuta kutazama.

"Babu zako walikuja kwetu na ngao kuiba ng'ombe," alisema, "tukawatimua mpaka wakaacha ndala njiani. Sasa huyu mjukuu wao kapata ujanja. Anawaiba kwa sindano."

"Na hamjaweza kunitimua," alisema Baba Mkubwa.

"Nitakutimuaje na ng'ombe wenyewe wako ndani? Iko siku utalia mbooo hapo msikitini, nije nikuswage nikupeleke nyumbani."

Baba Mkubwa alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Mama Mkubwa ikabidi angoje atulie ndipo amchome.

Jioni nilimuuliza Mama Mkubwa kwa nini mzee yule anataka Baba Mkubwa afe. Alikuwa akichekecha unga, hakuinua kichwa. "Huyo ni mtani wake," alisema, kana kwamba amemaliza. Kwa ndugu zake mama kule Mbeya sikuwa nimewahi kuona mambo ya namna ile. Hakuna aliyeniambia kwamba Wangoni na Wahehe walipigana zamani, na kwamba wajukuu wao wamebakiwa na haki ya kutukanana, kunyang'anyana vitu, na kufanyiana vituko hata msibani, bila mtu kukasirika. Nilielewa kuwa mtani ni mtu ambaye kazi yake ni kungoja mwingine afe. Toka hapo, kila baiskeli ya Kihwele ilipolia nje, nilikwenda kukaa kando ya chungu cha dawa nikakikumbatia kwa miguu.

Kisha ukaandama mwezi wa Ramadhani. Mwalimu wa msikitini alikuja mwenyewe nyumbani, akanywa kahawa, akasema kwa upole kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula, na badala yake alishe maskini. Baba Mkubwa aliitikia naam, naam, akamsindikiza mpaka kona. Alfajiri ya kwanza alikula daku, akachomwa sindano, akafunga.

Mama Mkubwa alimfuata jikoni. Mimi nilikuwa pale, nikipanga vikapu vya halua.

"Mwalimu amesema nini?"

"Nimemsikia."

"Sasa?"

Alikoroga kwanza. "Watu wanakuja kwangu kuchukua futari," alisema. "Nitampimia mtu futari yake na mimi mdomo una ugali? Sikiliza, mke wangu. Ugonjwa huu umenichukulia chai. Umenichukulia halua yangu mwenyewe. Umenichukulia safari, siwezi kwenda hata Songea kumzika mtu. Nimetoa vyote. Mwezi huu siutoi."

"Huutoi wewe. Mungu ndiye aliyekuambia uuache."

"Hajaniambia mimi."

Mama Mkubwa alirudi ndani. Fundo la kanga yake lilikuwa kubwa kuliko kawaida siku hiyo.

Siku za mwanzo zilipita, nasi tukaanza kupumua. Halafu mchana mmoja mwiko ulianza kwenda polepole. Nilimwona akiuegemea. Jasho lilikuwa limemjaa, na halikuwa jasho la moto, maana moto ulikuwa umepungua. Aliniita kwa jina la baba yangu. Aliniambia nikaingize mbuzi, mvua inakuja. Nilitaka kumwambia kwamba hatuna mbuzi, na kwamba mimi si yule, lakini nikajikuta napiga kelele kumwita Mama Mkubwa. Baba Mkubwa aliketi chini taratibu kama mtu anayeketi kupumzika, kisha akalala.

Mama Mkubwa alitoka mbio. Fundo lilimkatalia. Basi alichovya kijiko kwenye sufuria la halua, akaipuliza, akaichukua kwa kidole na kuisugua ndani ya shavu la mumewe, tena na tena, akimsemesha kwa Kingoni. Aliendelea hivyo mpaka macho ya Baba Mkubwa yakarudi. Aliramba midomo yake. Alikuwa hajaonja halua yake tangu kabla sijaja, na uso wake ulionyesha kwamba ameijua.

"Umenifunguza," alimwambia.

"Ndiyo," alisema Mama Mkubwa. "Nimekufunguza."

Baba Mkubwa alilia kimya. Kesho yake alfajiri aliamka akala daku, akafunga tena.

Asubuhi hiyo Mama Mkubwa alimsimamisha muuza kuni mmoja wa Kalenga, wakasemezana kidogo mlangoni. Sikuyatilia maanani.

Siku iliyofuata, alasiri, watu wakiwa wameanza kuja kununua, Kihwele alifika. Hakuja na maziwa. Alikuwa amebeba jembe begani na kitambaa cheupe cha bafta kwapani. Aliiangusha baiskeli chini, akajitupa katikati ya mlango wa duka, na kuanza kulia kwa sauti ya msiba.

"Mngoni wangu kafa," alilia. "Yoo, yoo, Mngoni wangu. Na sikukuu hajaiona."

Wanunuzi waliruka nyuma. Wengine walianza kucheka. Baba Mkubwa alitoka na mwiko mkononi. "Mhehe, wewe una wazimu? Nimefunga, niondolee mambo yako."

Kihwele alinyamaza, akamtazama, kisha akawageukia watu. "Maiti anasema," alisema. "Wangoni hawana adabu hata wakifa." Alinyanyuka akatoa kamba mfukoni, akampima kuanzia kichwani mpaka kisiginoni. "Mfupi. Nusu kaburi inatosha. Nimekuja mapema kwa sababu nina shamba la kupalilia, siwezi kuitwa kila siku." Aliliinua jembe akachimba kweli, pale pale mbele ya duka, udongo mwekundu ukaruka mpaka kwenye vikapu. Kisha aliingia ndani bila kuomba ruhusa akachukua mizani, akaiweka kando ya baiskeli. Akarudi akachukua kikapu cha halua. "Urithi," aliwaambia watu. "Mwenyewe si kachagua?"

Watu walikuwa wakicheka sasa, mtaa mzima. Baba Mkubwa naye alianza kucheka, halafu kicheko kikamwishia mdomoni. Niliona jasho juu ya mdomo wake. Kihwele alikunjua ile bafta na kumwinulia kichwani kama anayetaka kumfunika.

Nilitoka nyuma ya kaunta. Sikumbuki kupita mlangoni. Nakumbuka mkono wake mdomoni mwangu, mgumu, wenye ladha ya udongo na moshi, na kwamba niliuma kwa nguvu zangu zote. Nilimwambia kwamba Baba Mkubwa hafi. Nilimwambia aondoke na jembe lake, hafi, hafi. Watu waliacha kucheka.

Kihwele hakunitoa. Alingoja mpaka nikaachia mwenyewe, akaangalia alama za meno yangu, akachuchumaa. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu wa kawaida, tena ya chini.

"Umesikia, ndugu yangu?" alimwambia Baba Mkubwa juu ya kichwa changu. "Mimi nachimba kwa kucheza. Huyu ndiye atakayekuzika kweli. Na ameshazika mmoja mwaka huu."

Mama Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji, na mvuke wake ulionyesha kwamba ulikuwa tayari kitambo. Kihwele alilipokea kwa mikono yote miwili, pamoja na ule unaovuja damu, akampelekea mtani wake.

"Mtani akikupa, utakataa?"

Baba Mkubwa alitazama barabara, watu, majirani zake wote wenye midomo mikavu. Nilidhani atakataa. Mzee Kihwele aliona alikokuwa akitazama. Aliiokota bafta, akashika pembe moja juu, akanipa mimi pembe nyingine.

"Inua, Kangoni. Juu zaidi."

Niliinua mpaka mabega yakauma. Sanda ile ikawa pazia. Nyuma yake Baba Mkubwa aliketi kwenye kigoda, na upande wa mbele watu walianza kuondoka mmoja mmoja, wengine wakinunua halua kwa Mama Mkubwa kwanza, wakizungumza mambo mengine kabisa kwa sauti kubwa, bei ya mchele, matope ya barabara ya Dodoma. Nilisikia uji ukinywewa. Lilikuwa funda dogo, kisha likafuata kubwa. Kihwele alitazama juu angani muda wote kama mtu anayeangalia dalili ya mvua.

Mwezi ule wote uliobaki Baba Mkubwa alikula mchana, chumba cha nyuma, bafta imetundikwa mlangoni. Kila jua lilipozama alituma sinia kwa wazee wasiojiweza wa mtaa, kama mwalimu alivyomwelekeza, na aliipika futari hiyo mwenyewe. Nilipomuuliza Mama Mkubwa kwa nini alimwita mtu yule na si mwingine, alinieleza vizuri kwa mara ya kwanza. "Mimi ni mke. Nikisema sana naitwa mkaidi. Mwalimu akisema anajibiwa kwa adabu, halafu basi. Mtani hajibiwi. Ukimkasirikia umejiaibisha mwenyewe." Aliniambia pia kwamba Kihwele alitembea na kidonda cha meno yangu wiki nyingi, na Kalenga nzima aliwaambia kwamba ameumwa na mbwa wa Kingoni, na nyama ya mbwa huyo ilikuwa chungu.

Niliishi pale mpaka nikamaliza shule ya msingi. Maji ya kwenye kichupa yaliendelea kugeuka, siku nyingine buluu, siku nyingine tofali, nasi tukaendelea kupika, kuuza, kugombana juu ya chumvi, kwenda harusini na kurudi mapema. Nimekutana na watu wengi wanaosema juu ya ugonjwa kama jambo linalokuja na kuondoka. Kwetu ulikuwa mpangaji. Ulikuwa na saa zake na vyombo vyake, na tulijifunza kupishana nao kwenye ukumbi.

Kisha Mama alinipatia nafasi ya kuendelea na masomo huko Mbeya, na ikawa ni kuondoka moja kwa moja. Basi lilikuwa linaondoka asubuhi, saa ile ile ya baada ya sindano. Baba Mkubwa alikuwa mtu wa kusindikiza. Hata mgeni aliyekuja kuuliza njia alimsindikiza mpaka barabarani, akamshika mkono, akamwombea. Jana yake yote nilimwona akiitazama saa ya ukutani, akipiga hesabu zake, na sikujua ataamua nini.

Asubuhi Mama Mkubwa alilibeba sanduku langu kichwani. Baba Mkubwa alikuwa amekaa kwenye mkeka, paja bado lina unyevu wa spiriti, sahani ya ugali wa ulezi mbele yake.

"Basi halingoji," alisema.

"Halingoji, Baba Mkubwa."

"Na hiki nacho hakingoji." Aligusa ukingo wa sahani. "Nenda, mwanangu. Ukifika Mbeya watu wakikuuliza, sema umeniacha ninakula."

Nilimbusu mkono nikatoka. Nilipopita dirishani niligeuka. Aliinua mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa na tonge. Hakunyanyuka. Nilisimama nikimtazama anatafuna mpaka akameza, akamega lingine, ndipo nikamfuata Mama Mkubwa barabarani.